Jogoo Aliyekwenda Kasulu

Daktari Recho alivua glavu, akanawa mikono, akalitaja jina la ugonjwa bila hata kushusha sauti.

"Ni masundosundo, kaka. Masundosundo ya sehemu za siri."

Ridhiwani akautazama mlango. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa watu wa Kibondo, na watu wa Kibondo walimjua wote, maana ni nani mjini pale ambaye mama yake hajapimiwa kitenge na mikono ya Ridhiwani? Alikuwa amezungukazunguka siku kadhaa akimwinda daktari mwanamume, akaambiwa yuko semina. Sasa anafunga mkanda mbele ya dada aliyeletwa na serikali kutoka Tanga, rika la mdogo wake wa mwisho, na dada mwenyewe hana habari na aibu yake.

"Ulijaribu kuvikata?"

"Kwa wembe. Kidogo tu."

"Usirudie. Unajitia kidonda, na kirusi unakipeleka pengine. Hivi vinyama vinaletwa na kirusi, si uchafu wala si kitu ulichokula."

"Dokta, sisi tuna choo cha pamoja na wapangaji. Labda..."

"Kiache choo," alisema Recho. "Hiki kinapita ngozi kwa ngozi, watu wanapokutana kimwili. Kondomu inapunguza lakini haifuniki ngozi yote. Na aliyekupa anaweza kuwa haoni kitu mwilini mwake wala hajui. Kinakaa kimya miezi, kinaweza kukaa miaka, ndipo kijitokeze. Kwa hiyo usiniulize ni nani wala ni lini. Sina kipimo cha kukuambia."

Akampaka dawa iliyochoma kama pilipili, akampima na magonjwa mengine yanayopita njia hiyo hiyo, akamwambia hana. Ridhiwani alishukuru Mungu mapema mno, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa bado.

"Una mke?"

"Ninaye."

"Hajambo?"

"Ana mimba ya miezi saba."

Recho akaacha alichokuwa akifanya. "Mlete. Kama anavyo, mimba huvikuza upesi. Na kuna dawa mjamzito hapakwi, asije akapewa na mtu asiyejua. Usitishike, mara nyingi mtoto anatoka salama, lakini nimwone mapema. Mpaka hapo msikutane."

"Na hivi vyangu, ndiyo vimekwisha?"

"Vitaondoka. Vinaweza kurudi, na vikirudi tutapaka tena. Mwili wenyewe ndio unaokishinda kirusi, taratibu."

Ridhiwani alitoka pale na neno moja tu kichwani. Vinarudi. Mengine yote, kirusi na ngozi na miaka, aliyaacha ndani pamoja na glavu. Ugonjwa unaotibiwa ukarudi, kwa akili yake, ni ugonjwa wenye mwenyewe. Na mwenyewe alimjua, au alidhani anamjua.

Mwaka uliopita alikuwa akienda Kasulu kufuata mzigo wa vitenge, na Kasulu kulikuwa na Rosa, mpishi wa hotelini karibu na gesti aliyokuwa akilala. Rosa alikuwa mke wa mtu. Mumewe ni Theonest, mpasua mbao. Ridhiwani alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza haikumzuia kufika ya pili. Aliachana na Rosa mkewe Zuhra aliposhika mimba, mimba waliyoisubiri mpaka shangazi zake wakaanza kumtajia mabinti wengine wa kuoa. Aliapa moyoni kwamba Kasulu basi, akajiona kijana mwema kabisa, kama vile kuacha ni sawa na kutokuwahi kuanza.

Jioni ile alimwendea Hamis, fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza ya duka lake, akamwambia ana rafiki yake mmoja ana tatizo. Hamis akasikiliza huku mguu unakanyaga cherehani, akaelezwa vinyama vilivyo na pale vilipoota, wala hakuuliza jina la rafiki.

"Hilo ni tego," alisema. "Huyo rafiki yako amekula mke wa mtu aliyetegwa. Hospitali watampaka mpaka wachoke. Mwenye mke ndiye anayefungua, hakuna mwingine. Aende na jogoo mwekundu, aseme kosa lake kwa mdomo wake, yule bwana amnyunyizie maji, amalize. Akichelewa kitaoza chote."

"Na mke wa huyo rafiki yangu? Linamfikia?"

"Tego halimfuati mke wa nyumbani. Linamkamata mwizi peke yake."

Hapo ndipo Ridhiwani alipoamini. Daktari alikuwa na dawa, lakini dawa yake ilikuja na sharti la kumleta Zuhra, na kumleta Zuhra ni kumwambia. Tego la Hamis halikutaka Zuhra aambiwe lolote. Mtu mzima, mwenye duka, anayewacheka wateja wanaoogopa paka weusi, alichagua ugonjwa uliomfaa.

Kupata jogoo mwekundu hakukuwa kazi, kwa sababu alikuwapo uani. Ila huyo alikuwa wa Zuhra. Alimlea tangu kifaranga, akamwekea mchele uliopepetwa, akisema huyu ni wa supu ya uzazi, atachinjwa siku nitakapotoka labour, na mtu asimguse. Asubuhi Ridhiwani alimkuta mkewe anafagia, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Yule jogoo nampeleka Kasulu," alisema. "Kuna shekhe pale, nataka akusomee dua. Ujifungue salama."

Zuhra akaacha ufagio. Alimwangalia mumewe muda mrefu, na macho yake yakajaa machozi.

"Ulikuwa unaniwazia hivyo?"

"Sasa nimuwazie nani?"

Zuhra alimkamata jogoo mwenyewe, akainama kwa shida, akamfunga miguu kwa kipande cha kanga kuukuu ili kamba isimuumize, akamtia kikapuni. Alipomkabidhi mumewe kikapu hakukiachia mara moja.

"Ridhiwani, kuna jambo nataka kukuambia."

"Nikirudi," alisema, naye tayari yuko barabarani. Alidhani ni habari za nguo za mtoto. Wiki kadhaa sasa Zuhra alikuwa akilala amemgeuzia mgongo, akisema tumbo linamchosha, naye Ridhiwani hakuuliza. Kwa kweli alishukuru, maana yeye mwenyewe hakutaka kusogelewa.

Safari nzima alikaa na kikapu mapajani. Walipopita Busunzu, kwa wakwe zake, aligeuza uso upande wa pili, kana kwamba baba mkwe angesimama barabarani amwone na kuku. Jogoo naye hakumsaidia, kila gari liliposimama aliwika.

Uwanja wa mbao wa Theonest ulikuwa nyuma ya soko. Theonest mwenyewe alikuwa peke yake, shati limelowa, anamalizia kupasua gogo kwa msumeno mrefu wa mkono. Alikuwa mtu mkubwa, mzito, mwenye mvi kidogo, na ukutani pa kibanda chake palikuwa na kalenda ya kanisa. Ridhiwani alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mikono ya yule bwana. Ilikuwa mikono ya kutisha.

"Mwakeye, karibu," alisema Theonest. "Unataka za mlango au za paa?"

"Sikuja kwa mbao, mzee." Akakisogeza kikapu mbele. "Nimekuja kwa kosa."

Theonest akauacha msumeno ndani ya gogo, akangoja. Ridhiwani alikuwa ameyapanga maneno tangu Kibondo, mazuri, ya adabu, yenye kuzunguka. Yote yalimpotea, akabaki na yale mabaya.

"Nilitembea na mkeo. Rosa. Mwaka jana. Nimekamatika na tego lako, mzee wangu. Nimeleta jogoo. Nifungue, nina mke mjamzito, usiniangamize."

Ngumi ilimkuta kabla hajamaliza kuinama. Alianguka juu ya vumbi la mbao, kikapu kikapinduka, jogoo akachomoka na kanga yake mguuni. Theonest alimsimamia juu, na Ridhiwani akaona kwamba hapa ndipo anapofia, uani kwa mtu, mdomo umejaa vumbi, na Zuhra ataletewa habari na watu baki. Alilia. Hakulia kwa kujifanya, alilia kwa woga.

"Tego gani?" aliuliza Theonest. Sauti ilikuwa ya chini. "Mimi ni mzee wa kanisa. Sijawahi kukanyaga kwa mganga. Tego gani unaloniletea hapa?"

 Ilimwingia Ridhiwani taratibu kwamba hakuna aliyemtega, wala hakuna aliyekuwa akijua. Siri ilikuwa salama mpaka asubuhi ile alipopanda gari na kuileta mwenyewe, na kuku juu. Na hakuwa amejiletea yeye tu. Alikuwa amemletea Rosa, ambaye hakuulizwa kama anataka siri yake iungamwe.

"Rosa usimguse," alisema kutoka pale chini.

"Wewe ndiye wa kuniambia hivyo?" Theonest aliinua mguu, kisha akaushusha. "Nionyeshe ninakufungua nini. Una nini?"

Ridhiwani akaeleza. Vinyama vidogo, vya rangi ya mwili, haviumi, vimeota kwa kukusanyika, ukivikata vinarudi. Alivyozidi kueleza ndivyo Theonest alivyozidi kupungua, mpaka akatafuta gogo kwa mkono, akakaa.

"Ulimjua Rosa lini?"

"Mwaka jana. Baada ya masika."

"Si mwaka juzi?"

"Mwaka juzi nilikuwa simjui hata kwa jina. Naapa."

Theonest alijifuta uso kwa shati. 

"Mimi vilinitoka mwaka juzi," alisema. "Vile vile unavyosema. Nilimpiga kwa ajili hiyo. Nikamwuliza ameutoa wapi uchafu huu, akaapa kwa Imana, kwa Mungu mwenyewe, akalia, akasema hajui mwanamume mwingine. Nikamrudisha kwao Buhigwe na mabegi yake. Wazee wakatusuluhisha, akarudi, lakini hakurudi na moyo. Nilivichoma kwa dawa ya kienyeji vikakauka, nikajua vimekwisha."

Ridhiwani alisikia maneno ya daktari yakirudi moja moja, yale aliyoyaacha chumbani. Kinakaa kimya miaka. Aliyekupa anaweza kuwa hajui.

"Dokta wa kwetu alisema..." alianza, kisha akayasema yote, vibaya, kwa kuruka, lakini aliyasema. Ngozi kwa ngozi. Kirusi. Kwamba hakuna kipimo cha kumjua nani alianza. Kwamba kinaweza kulala mwilini tangu ujana wa mtu.

"Tangu ujana," Theonest alirudia. Akacheka kicheko kifupi, kibaya. "Mimi kabla ya wokovu nilikuwa mchimbaji wa dhahabu. Nilizunguka machimbo yote mpaka Geita. Na nikampiga Rosa."

 Jogoo alikuwa amepanda juu ya rundo la mbao, anajitikisa.

"Yuko wapi sasa?" Ridhiwani aliuliza.

"Buhigwe, tangu wiki iliyopita. Tuligombana tena. Nitamfuata. Sijui kama atanifungulia mlango." Theonest akamtazama, na macho hayakuwa na huruma hata tone. "Wewe usije ukadhani nimekusamehe. Mkeo umeshamwambia?"

"Bado."

"Umetoka Kibondo mpaka hapa kuniambia mimi, kabla yake?"

Ridhiwani alijiinua, akajipangusa vumbi la mbao.

"Ondoka," alisema Theonest. "Na kuku wako sitamkamata."

Wala Ridhiwani hakujaribu kumkamata.

Njiani shavu lilivimba, na kila lilipovimba alizidi kuona lile alilokuwa akilikimbia. Tego lilikuwa limemlinda Zuhra kichwani mwake. Sasa tego hakuna. Kama si tego, basi ni kirusi, na kama ni kirusi, kimeshapita kwa Zuhra, kiko pale penye mtoto. Na mgongo aliogeuziwa wiki zote zile? Alitamani gari liharibike. Halikuharibika. Lami siku hizi haimpi mtu mwenye hofu nafasi ya kujipanga.

Alifika jua likiwa bado halijazama. Zuhra alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa baibui kama mtu anayesafiri. Miguuni pake palikuwa na begi. Lilikuwa limefungwa.

"Uso umefanya nini?"

"Nimeanguka. Begi la nini?"

Zuhra alitaka kupiga magoti, tumbo likamkatalia, akabaki ameinama nusu, ameshika chaga ya kitanda. Ridhiwani alikimbilia kumshika, naye akamzuia kwa kiganja.

"Niache niseme kabla sijaogopa. Leo nilikuwa kliniki. Tangu mwezi uliopita nina vitu vimeniota, huku chini. Nilikuficha. Leo muuguzi ameviona, akaniita daktari, yule dada wa Tanga. Amenitajia jina, amenieleza. Amesema vinapita kwa kulala na mtu." Alivuta pumzi. "Ridhiwani, naapa kwa mtoto huyu, sijatoka nje ya ndoa yako. Nilimwuliza daktari, akasema vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonekana. Basi nikajua. Nimetoka navyo Kakonko, kwa mume wangu wa kwanza. Nimekuletea wewe. Kama umeshapata, ni mimi. Nguo zangu nimekunja, ukiniambia niende Busunzu nitakwenda, sitapiga kelele. Ila mtoto usimkatae. Huyu ni wako. Nakuomba sana, huyu usimkatae."

Ndiyo hiyo, njia yenyewe, imefunguliwa wazi na imefagiliwa. Wala haikuwa ya uongo mtupu. Daktari aliyasema hayo hayo kwake kwa mdomo wake. Inawezekana kabisa vilitoka Kakonko. Inawezekana vilitoka machimbo ya Geita vikapitia kwa Theonest na Rosa. Hakuna kipimo. Ridhiwani angeweza kuketi, akanyamaza kidogo kwa huzuni, kisha akasema nimekusamehe mke wangu, na mwanamke huyu angembusu mikono, na angemshukuru maisha yake yote. Shangazi zake wangemsifu. Ilihitaji neno moja tu, na neno lilishafika ulimini.

Akilini alimwona Rosa na mabegi yake njiani kwenda Buhigwe. Hakutaka kumwona, lakini alimwona.

"Daktari alikuambia pia kwamba mimi nilikuwa kwake?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Hakuniambia habari za mtu. Amesema tu niende na wewe." Zuhra akainua uso. "Ulikuwa kwake?"

"Nilikuwa kwake. Ninavyo. Ninavyo na niliambiwa nikulete, sikukuleta." Akakaa chini, sakafuni, karibu na lile begi. "Zuhra, usiniombe msamaha. Mwaka jana, Kasulu, nilikuwa na mwanamke. Mke wa mtu. Niliacha ulipopata mimba. Sijui kama vimetoka kwake au kwa mume wako wa zamani au kwa nani, na hakuna anayejua, lakini mwenye kosa humu ndani ni mimi. Wewe huna kosa. Huna hata moja."

Zuhra hakupiga kelele, kama alivyoahidi. Alikaa tena kitandani, polepole, akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo. Nje wapangaji walikuwa wakicheka na mtu anasonga ugali. Alikaa mpaka Ridhiwani akatamani angepigwa ngumi nyingine.

"Mwezi mzima," alisema mwishoni, "nimeoga gizani nisijione. Nilidhani nimeoza. Nilidhani nitamzaa mtoto nikiwa nimeoza. Na wewe ulikuwa umeshaambiwa."

"Jana tu ndiyo..."

"Jana. Na usiku kucha. Na leo asubuhi nilipokushikisha kikapu." Kisha kitu kikamjia, na uso wake ukabadilika kuliko ulivyobadilika kwa habari za mwanamke. "Jogoo yuko wapi?"

Ridhiwani aliinamisha kichwa. Lile lilikuwa gumu kuliko yote aliyokwisha kusema.

"Hakukuwa na shekhe. Nilimpeleka kwa mume wa yule mwanamke. Nilidhani ni tego. Nilikwenda kumwomba anifungue."

"Na supu yangu ya uzazi."

"Nilikwenda nayo."

"Nikamfunga kwa kanga, asiumie," alisema Zuhra. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika uso, mpaka kicheko cha wapangaji kikakatika uani. Ridhiwani alinyoosha mkono akaurudisha.

Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa baibui, akalivuta begi kwa mguu, akafungua zipu. Akaanza kutoa nguo zake moja moja, gauni, khanga, vile visoksi vidogo vya mtoto, akiviweka kitandani mahali pake pa kawaida. Ridhiwani alimtazama, na matumaini yakaanza kumpanda, mjinga yule.

Begi lilipobaki tupu, Zuhra alilisukuma likamfikia magotini.

"Zako kunja mwenyewe," alisema. "Utalala dukani. Kesho asubuhi na mapema nikukute kliniki, kwenye benchi, umekaa mbele, watu wote wakuone. Tutaingia pamoja, tutatibiwa pamoja. Baada ya hapo nitajua kama nakutaka."